Asilimia 75 ya Mechi Ngapi? Jinsi Takwimu za Wachezaji wa Gemu za Mtandaoni Zinavyohesabiwa

Ukipita Msamvu jioni, pale barabara za kwenda Dar es Salaam, Dodoma na Iringa zinapokutana, utawakuta vijana wengi wameinamia simu. Kuna wanaosubiri abiria wa bodaboda, kuna waliokwisha kufunga meza zao za biashara, na kuna wanafunzi waliotoka shule. Wengi wao wanacheza gemu za mtandaoni: za mpira, za magari, na zile za kurushiana risasi ambamo makumi ya wachezaji hukutana katika uwanja mmoja wa kufikirika.

Baada ya mchezo huja namba. Kila mchezaji ana ukurasa wake unaoonyesha ameshinda asilimia ngapi, ameangusha wapinzani wangapi, na yuko daraja gani. Namba hizi hazibaki kuwa mapambo tu. Vijana huzitumia kuchagua wa kucheza naye timu moja, kumdharau mwenzao, na wapo wanaozitumia kuwekeana dau la fedha. Katika mazungumzo yetu na vijana wa eneo hili swali moja limekuwa likirudi: "Mbona mimi nimeshinda mechi nyingi kuliko mwenzangu, lakini yeye amewekwa juu yangu?"

Ni swali zuri, na jibu lake linawahusu pia wazazi, walimu na walezi wa vijana. Makala haya yanaeleza namba hizo zinatoka wapi, zinahesabiwaje, na kwa nini mtu asiziamini kabla ya kuuliza maswali machache.

Namba zinatoka wapi?

Gemu ya mtandaoni haichezwi ndani ya simu pekee. Simu hutuma kila tendo la mchezaji kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni yenye gemu, ambayo mara nyingi iko nje ya nchi. Seva ndiyo refa na ndiyo karani. Huandika nani aliingia, nani alimwangusha nani, mechi ilichukua dakika ngapi na nani alishinda. Mechi ikiisha, kumbukumbu hiyo huhifadhiwa.

Katika gemu nyingi za simu, kampuni yenyewe hujumlisha kumbukumbu hizo na kuzionyesha ndani ya gemu. Kwa gemu kubwa za kompyuta zipo pia tovuti za watu wengine zinazofanya kazi hiyo. Kwa mfano, OP.GG hushughulikia gemu ya League of Legends, na Dotabuff na OpenDota hushughulikia Dota 2. Tovuti hizi haziangalii mechi zikichezwa. Kampuni yenye gemu hufungua lango maalumu ambalo programu ya tovuti hupitia kuomba kumbukumbu. Tovuti hupewa ufunguo wa kuingilia, na huwekewa kikomo cha maombi inayoweza kutuma kwa dakika, ili isiilemee seva. Ikishapata kumbukumbu, huziweka kwenye ghala lake na kuanza kupiga hesabu.

Hapo msomaji ataelewa kwa nini tovuti mbili zaweza kutoa namba tofauti kwa mchezaji yule yule. Huenda moja imeomba kumbukumbu asubuhi na nyingine jioni. Huenda moja inahesabu mechi za mashindano peke yake, na nyingine inachanganya na za mazoezi. Kwa gemu ya PUBG ya kompyuta, lango la kampuni hutoa kumbukumbu za mechi za siku 14 tu zilizopita. Tovuti ambayo haikuziomba mapema haitazipata tena. Katika Dota 2 mchezaji anaweza kukataa mechi zake zisionekane kwa tovuti za nje, naye akikataa huwa hayumo katika hesabu zao. Kwa hiyo namba unayoiona ni jumla ya mechi zilizoifikia tovuti hiyo, si lazima iwe jumla ya mechi zote zilizochezwa.

Asilimia ya ushindi

Hesabu rahisi kuliko zote ni asilimia ya ushindi: mechi ulizoshinda, gawanya kwa mechi ulizocheza, zidisha kwa 100. Tuchukue vijana wawili wa mfano. Wa kwanza amecheza mechi 12 na kushinda 9. Asilimia yake ni 75. Wa pili amecheza mechi 500 na kushinda 310. Asilimia yake ni 62. Ukipanga orodha kwa asilimia peke yake, wa kwanza atakuwa juu.

Lakini mechi 12 ni chache mno. Mtu wa uwezo wa kawaida anaweza kushinda 9 kati ya 12 kwa wiki moja ya bahati, kama vile sarafu inavyoweza kuangukia upande mmoja mara nyingi mfululizo. Wataalamu wa takwimu wana njia ya kukadiria uwezo halisi unaweza kuwa kati ya wapi na wapi. Kwa kipimo chao cha kawaida, mechi 9 kati ya 12 zinaweza kutoka kwa mchezaji ambaye uwezo wake halisi uko popote kati ya asilimia 47 na 91. Mechi 310 kati ya 500 zinambana mchezaji kati ya asilimia 58 na 66. Wa pili tunamfahamu. Wa kwanza bado hatujamfahamu.

Waandaaji wa takwimu walio makini hutumia moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kuweka kiwango cha chini: asiyefikisha idadi fulani ya mechi haingii kwenye orodha. Ya pili ni kumwongezea kila mchezaji mechi chache za kufikirika kabla ya kugawanya, tuseme 10 za kushinda na 10 za kushindwa. Kwa njia hii kijana wa kwanza anakuwa na ushindi 19 katika mechi 32, yaani asilimia 59. Wa pili anakuwa na 320 katika 520, yaani asilimia 62. Mpangilio umegeuka. Mwenye mechi nyingi hakuguswa sana, ila mwenye mechi chache amerudishwa karibu na katikati mpaka atakapothibitisha kwa kucheza zaidi.

Wastani unaopotosha

Katika gemu za kurushiana risasi kipimo kinachopendwa ni uwiano wa kuangusha na kuangushwa. Ukiangusha wapinzani 20 na wewe ukaangushwa mara 10, uwiano wako ni 2.

Hapa pana mtego. Tuseme mchezaji amecheza mechi tatu. Katika ya kwanza ameangusha 10 na kuangushwa 1. Katika ya pili ameangusha 2 na kuangushwa 8. Katika ya tatu ameangusha 3 na kuangushwa 6. Ukitafuta uwiano wa kila mechi unapata 10, kisha 0.25, kisha 0.5. Ukichukua wastani wa hizo tatu unapata karibu 3.6, namba ya kujivunia. Lakini ukijumlisha kwanza, ameangusha 15 na ameangushwa 15. Uwiano wake ni 1 kamili.

Hesabu zote mbili zimepigwa bila kosa, ila zinajibu maswali tofauti. Ya kwanza imeacha mechi moja nzuri izimeze mbili mbaya. Mwenye bodaboda anaufahamu mtego huu hata kama hajausomea: siku moja ya sikukuu yenye abiria wengi haimpi picha ya mapato ya mwezi mzima. Atajumlisha mapato yote, kisha atagawanya kwa siku zote alizofanya kazi.

Iko pia shida ya sifuri. Ambaye hakuangushwa hata mara moja hawezi kugawanyiwa, kwa sababu namba haigawanyiki kwa sifuri. Baadhi ya tovuti huandika idadi ya aliowaangusha kana kwamba aliangushwa mara moja. Ndiyo maana mchezaji mpya mwenye mechi moja wakati mwingine huonekana kama bingwa.

Umemshinda nani?

Sasa tunafika kwenye jibu la swali la vijana wetu. Asilimia ya ushindi haisemi umeshindana na nani. Anayecheza drafti na watoto wa darasa la tatu atashinda kila siku, lakini hilo halimfanyi kuwa bingwa wa kijiwe.

Tatizo hili lilitafutiwa dawa katika mchezo wa sataranji, zamani kabla ya intaneti. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia katika mji wa Milwaukee nchini Marekani, alitunga kanuni iliyopokelewa na chama cha sataranji cha Marekani mwaka 1960 na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Gemu nyingi za leo hutumia kanuni hiyo au za jamii yake.

Wazo lake ni hili. Kila mchezaji ana pointi. Kabla ya mechi, tofauti ya pointi za wachezaji wawili hutumika kukadiria matokeo. Wakilingana, kila mmoja anatarajiwa kupata nusu. Mmoja akimzidi mwenzake kwa pointi 200, anatarajiwa kupata asilimia 76 ya ushindi. Akimzidi kwa 400, ni karibu asilimia 91. Baada ya mechi, matokeo halisi hulinganishwa na matarajio. Aliyefanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa huongezewa pointi, na aliyefanya vibaya hupunguziwa. Kiasi cha kuongeza au kupunguza huamuliwa na kizidishi. Wachezaji wengi wazoefu wa sataranji hutumiwa kizidishi cha 20.

Tuwarudie vijana wawili, wote wakianza na pointi 1500, na kila mmoja acheze mechi 20. Wa kwanza anacheza na wapinzani wa pointi 1300. Anatarajiwa kushinda kama 15.2, lakini anashinda 12. Amepungukiwa 3.2, na mara 20 hiyo ni pointi 64. Anashuka hadi 1436. Wa pili anacheza na wapinzani wa pointi 1700. Anatarajiwa kushinda 4.8 tu, lakini anashinda 8. Amezidisha 3.2, basi anapanda hadi 1564. Katika hali halisi pointi hubadilika baada ya kila mechi, hivyo jumla itatofautiana kidogo, lakini mwelekeo ni huo. Wa kwanza ameshinda mechi nyingi zaidi, na wa pili amewekwa juu yake. Hakuna aliyeonewa.

Kanuni hii tunaishi nayo hata kama hatuchezi gemu. Tangu Agosti 2018 FIFA hutumia hesabu ya jamii hiyo kupanga timu za taifa za wanaume, na kila mechi hupewa uzito wake. Mechi ya kirafiki iliyo ndani ya kalenda ya FIFA ina uzito wa 10, ya kufuzu Kombe la Dunia ina 25, na ya makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika ina 35. Januari 2024, kwenye fainali zilizofanyika Côte d'Ivoire, Taifa Stars ilitoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika msimamo wa kundi kila sare ilikuwa pointi moja, na timu yetu ilitolewa. Katika hesabu ya FIFA sare hizo zilituongezea pointi, kwa sababu wapinzani wote wawili walikuwa juu yetu katika orodha. Mechi ni zile zile, ila msimamo wa kundi na orodha ya FIFA kila kimoja kinajibu swali lake.

Tovuti ya sataranji ya Lichess imeongeza jambo moja la uungwana. Mchezaji mpya huanza na 1500, na pembeni ya namba yake huwekwa alama ya kuuliza mpaka acheze mechi za kutosha. Alama hiyo inamwambia msomaji: tumekadiria, lakini bado hatuna uhakika. Kurasa nyingi za gemu hazina alama kama hiyo, na hapo ndipo vijana wanapoingia matatani.

Namba isiyojua sababu

Seva huandika matokeo, haiandiki sababu. Umeme ukikatika, bando likiisha au mtandao ukilegea katikati ya mechi, gemu nyingi humhesabu mchezaji kuwa amekimbia, na humwandikia kushindwa. Seva ikiwa mbali, tendo la mchezaji huchelewa kufika kwa sehemu ndogo ya sekunde, na katika gemu za risasi sehemu hiyo yatosha kuangushwa. Ukurasa wa takwimu utaonyesha kushindwa tu. Hautaonyesha kwamba kijana wa Msamvu alikuwa akishindana na mwenzake anayeishi jirani na seva.

Aidha, ukurasa huhesabu akaunti, hauhesabu mtu. Kwetu ni jambo la kawaida simu moja kuchezewa na kaka, mdogo wake na rafiki. Takwimu zinazotoka hapo ni mchuzi wa watu watatu. Hazimfai hata mmoja wao kama kipimo cha uwezo wake.

Hali kadhalika, angalia jinsi namba inavyoonyeshwa. Maneno "uko katika 5% ya juu" hayana maana mpaka ujue ni juu ya nani: wachezaji wote wa dunia, wa kanda moja, au wale tu ambao tovuti ina kumbukumbu zao. Mchoro unaoanzia kwenye 48 na kuishia kwenye 52 utaonyesha badiliko dogo kama mlima wa Uluguru. Baadhi ya vipimo huja na rangi, kama kile cha WN8 cha gemu ya World of Tanks, ambacho huwapaka wachezaji dhaifu rangi nyekundu na walio bora kabisa rangi ya zambarau. Jicho huona rangi kabla akili haijauliza hesabu.

Hasara iko wapi?

Hasara ya kwanza ni ya fedha. Tumrudie kijana mwenye mechi 12 na asilimia 75. Anaamini namba hiyo, anamwambia mwenzake: "Ukinifunga nakupa shilingi 2,000, nikikufunga unanipa 1,000." Kama uwezo wake kweli ni asilimia 75, kwa wastani atapata faida ya shilingi 250 kila mechi. Lakini kama uwezo wake halisi ni asilimia 60, jambo linalowezekana kabisa, atapoteza wastani wa shilingi 200 kila mechi. Baada ya mechi 50 amepoteza shilingi 10,000, huku ukurasa wake ukiendelea kumwita mshindi, maana bado anashinda mechi nyingi kuliko anazoshindwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa wanaopanga mikeka ya kubeti kwa kusoma takwimu za timu. Mechi tano, kila moja ikiwa na nafasi ya asilimia 70, zinaonekana za uhakika. Lakini ili mkeka usichanike zote tano lazima zitiki, na nafasi ya hilo ni kama asilimia 17 tu. Kwa sheria za Tanzania, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kushiriki michezo ya kubahatisha.

Hasara ya pili ni ya taarifa binafsi. Tovuti ya kweli ya takwimu kwa kawaida huhitaji jina la mchezaji tu ili imtafute. Yoyote inayomwomba kijana aandike humo neno la siri la akaunti yake ya gemu, au namba ya siri ya huduma ya fedha kwenye simu, ikimbiwe. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini kinga ya kwanza ni mwenye simu mwenyewe.

Hasara ya tatu haihesabiki kwa shilingi. Kijana anayejiona hafai kwa sababu ya namba nyekundu kwenye skrini, au anayekesha ili asishuke daraja, amekubali kupimwa na kanuni ambayo hakuielewa. Mara nyingi hata hawezi kuisoma, kwa kuwa kampuni nyingi hazitangazi kanuni zao zote.

Maswali matano ya kuuliza

Kabla ya kuamini ukurasa wowote wa takwimu, tunashauri vijana na walezi wao waulize:

1. Ni mechi ngapi? Zikiwa chache, namba ni ya kubahatisha.
2. Ni mechi zipi? Za mashindano au za mazoezi, za wiki hii au za miaka yote?
3. Dhidi ya nani? Asilimia bila uzito wa wapinzani ni nusu ya habari.
4. Imejumlishwa vipi? Wastani wa mechi moja moja si sawa na jumla kugawanya kwa jumla.
5. Nani hakuhesabiwa? Waliojificha, waliokatikiwa umeme, na wanaochangia akaunti moja.

Mzazi asiyejua gemu asiogope. Maswali haya hayahitaji kujua kucheza, yanahitaji kujua kugawanya. Mwombe kijana wako akufungulie ukurasa wake, umuulize swali la kwanza, kisha mkae naye mpige hesabu kwa kalamu na karatasi. Atakayezoea kuuliza "asilimia 75 ya ngapi?" kwenye gemu, ataliuliza pia atakapoonyeshwa tangazo la mkopo, matokeo ya kura ya maoni, au taarifa ya mradi wa kijiji chake. Na sisi tunaoandika taarifa hizo tujiandae kumjibu.